Kiwanja cha ziwani: niliyowaambia wanakikundi pale Mkolani

Kuna watu wameniomba niandike yale niliyoongea Jumamosi kwenye kikao cha kikundi hapa Mkolani, Mwanza, kuhusu kununua kiwanja pembeni ya Ziwa Victoria, kwa sababu hawakuwahi kufika, basi nayaweka hapa kama nilivyoyasema, nimeruka tu pale tulipokuwa tunarudia rudia.

Mwangaluka ndugu zangu, na shikamooni wazee wetu mlioko mbele. Mwenyekiti kanieleza kwamba hela ya kikundi imetosha kununua kiwanja na sasa mmegawanyika, wengine wanataka mnunue Luchelele upande wa ziwa, wengine wanasema Igombe, na kuna wachache wanaosema ziwani hapana kabisa, twende Buhongwa au Kisesa kama watu wengine. Kazi yangu mi ni kupima viwanja, naijua mipaka ya fukwe hizi kwa miguu, ila sitawachagulia. Nitawaambia tu vitu ninavyoviangalia nikifika eneo la ziwani kabla sijamwambia mtu yeyote atoe hela yake.

Na nianze na kile ninachoona ndo kimewagawa. Mnaongelea kuishi na kuwekeza kama vile ni jambo moja. Kwa fukwe zetu za Mwanza hivi vitu viwili ni nadra vikakaa kwenye kiwanja kimoja. Cha kuishi kipo juu kidogo ya ziwa, mwinuko unapoanza. Cha hela kipo jirani na barabara na watu wanaopanga. Na kile cha mbele kabisa, kile ambacho dalali anakuonyesha kwanza, maji yanakuja mpaka miguuni na upepo unakupuliza unasahau hata kuuliza bei, kile mara nyingi hakifai kwa kuishi wala kwa kuwekeza, na nitawaeleza sababu taratibu kwa maana hapo ndo watu wanapoteza hela ya jasho.

Ziwa Victoria linategemea mvua kuliko watu wanavyofikiri. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mito yote ukiijumlisha, Kagera, Mara, Simiyu na mingineyo, inaleta kinachobaki, alafu mlango wa kutokea ni mmoja tu, kule Jinja Uganda. Kwaiyo ikinyesha sana misimu miwili mitatu mfululizo maji hayana pa kukimbilia kwa haraka, yanapanda na yanakaa juu miezi na miezi. Wazee mliopo mnakumbuka au mlisimuliwa mvua za 1961, hadi 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 likashuka sana, fukwe zikawa pana, na mtu akisimama pale anaona ardhi kavu kabisa inauzika. Mei 2020 likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita rekodi ya 1964, na Mei 2024 likapita hata hapo. Kutoka kule chini ya 2006 mpaka kilele cha 2020 ni zaidi ya mita 2 na nusu.

Mita 2 na nusu mkiwa mmekaa humu ukumbini mnaona ndogo. Sasa chukueni ufukwe tambarare, ule mzuri wenye mchanga ambao kila mtu anaupenda, ambapo ukitembea mita 20 kutoka majini unakuwa umepanda mita 1 tu. Hapo ziwa likipanda mita 2 na nusu linaingia ndani mita 50. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 urefu wake ni mita 30 na ushee. Yani chako chote kimeingia majini na cha jirani wa nyuma kinaanza kulowa. Hamna ukuta wa tofali utakaozuia hilo, maji ya ziwa yanapita chini kwa chini kwenye mchanga na yanaibukia ndani ya shimo lako la choo.

Kwaiyo nikifika ufukweni kitu cha kwanza natafuta alama. Mwanza mawe tunayo ya kutosha, mwende kwenye mawe yaliyo majini mtaona juu ya maji kuna mkanda wenye rangi tofauti na jiwe lililobaki, hapo ndo maji yaliwahi kukaa. Angalieni miti, ukikuta miti mikubwa imesimama imekufa ndani ya maji ujue iliota pakiwa pakavu, miaka mingi tu, alafu ziwa likarudi kuchukua pake. Angalieni matete yanaishia wapi. Alafu mtafuteni mama anayefua pale au mzee wa mtumbwi, muulizeni maji ya 2020 yalifika wapi na ya 2024 yalifika wapi, muulizeni kwa heshima na mumsubiri amalize, atawaonyesha kwa kidole. Mi kidole cha mama yule nakiamini kuliko kipeperushi chochote cha muuza viwanja.

Hapo bado sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Mita 60 jamani, ni viwanja viwili virefu kwenda nyuma. Najua mtaniambia mbona fulani kajenga, mbona kuna hoteli, mbona kuna ukuta mpaka majini. Ndiyo, mnaviona, lakini we ukienda kukopa benki kwa hicho kiwanja, au siku serikali inapita na alama nyekundu ya X, hutajitetea kwa jina la jirani. Na mita 60 unazipima kutoka wapi wakati maji yanakwenda na kurudi? Mi nawashauri kwa usalama wenu mzihesabu kutoka ile alama ya juu kabisa ambayo maji yalifika, siyo pale yalipo siku mnayokwenda kuangalia. Mkihesabu hivyo vile vinavyoitwa viwanja vya bichi vingi vinaisha vyote, na mnabaki na safu ya pili na ya tatu, ambayo bei yake ni nafuu na ziwa bado mnaliona vizuri tu kutoka barazani.

Karatasi nitapita haraka maana mwanasheria wenu atakuja kuzungumza. Luchelele na Igombe bado mtakutana na mashamba ya familia yanayokatwa katwa vipande, muuzaji anawaambia hii ni ya marehemu baba. Basi ulizeni msimamizi wa mirathi ni nani na barua ya mahakama iko wapi, ndugu wote wajulikane, na kama muuzaji ana mke au mume asaini naye. Mhuri wa mtaa haubadilishi shamba kuwa kiwanja. Nendeni halmashauri husika, Luchelele ni Jiji yani Nyamagana, Igombe ni Manispaa ya Ilemela, muombe kuona mchoro wa mipango miji, kwa sababu kule ziwani kwenye mchoro kuna vipande vimetengwa kuwa mwalo, yani pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, au eneo la wazi, au njia ya watu kwenda majini, na vinauzwa mchana kweupe. Kama kina hati fanyeni upekuzi kwa msajili wa hati mjue kama kina rehani. Alafu mleteni mpima asome namba za bikoni, yale mawe ya mipaka, chini, maana unaweza kuonyeshwa kiwanja kizuri na ukapewa hati halali kabisa ya kiwanja kingine. Na wale wenye ndugu wenye uraia wa nje, kumbukeni Sheria ya Ardhi ya 1999 inambana asiye raia kumiliki ardhi hapa, muulizeni mwanasheria utaratibu uliopo sasa kwanza, msije mkaandika jina kirafiki rafiki alafu ikawaletea kesi.

Sasa udongo. Hapa kwetu hamuwezi kununua kwa macho tu. Kuna pale pana luseni, mchanga mchanga, msingi unachimbika kwa siku moja. Kuna pale pana mbuga, udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka mguu unaingia na masika unavimba, nyumba inapata nyufa kabla hujamaliza plasta. Na kuna pale pana mwamba. Mwamba ni mzuri kwa msingi, nyumba haiendi popote, ila choo unaweka wapi? Hili jambo watu hawaliwazi kabisa. Kabla ya kulipa chimbeni shimo la majaribio, mtu mmoja na sururu na koleo, pale ambapo mngetaka shimo la choo liwe. Akifika futi tatu anagonga jiwe, hamieni pembeni mjaribu tena, na pale mkigonga tena ujue gharama ya kuwasha moto na kupasua, au ya kujenga septiki ya juu na kuita gari la kunyonya mara kwa mara, inaingia kwenye bei ya kiwanja. Mkikuta maji futi nne chini ni mbaya zaidi, kwa sababu choo chako kitakuwa kinaongea na ziwa moja kwa moja, na ziwa hilo ndo wote tunakunywa.

Kuna mmoja hapa alikuwa Kigamboni kabla ya kurudi nyumbani, alikuwa ananiuliza kuhusu chumvi kula mabati na nondo. Hapa hamna hiyo shida, ziwa letu ni maji baridi, mabati yako yanadumu kama ya mtu wa Kisesa. Hiyo ni faida ya kweli ya ufukwe wa ziwa ukilinganisha na bahari na watu hawaisemi.

Nije kwenye kuishi. Dalali atawapeleka saa nne asubuhi, ziwa limetulia, ndege wanalia, mwalo uko mtupu. Naombeni mwende tena usiku, na mwende wakati wa giza. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku usio na mwezi na taa zao, mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika, kwaiyo mtu akienda kuangalia kiwanja siku za mbalamwezi anakuta kijiji kimelala na hewa safi. Aende wakati wa giza. Saa kumi na moja alfajiri mitumbwi inaingia, injini zinanguruma, watu wanaitana, mama zetu wanagombania ndoo, na jua likitoka dagaa wanatandazwa kwenye chanja na kwenye mchanga, harufu inaingia mpaka chumbani kwenye mashuka. Mi sisemi ni vibaya, hiyo ndo kazi inayolisha Kirumba na Mwaloni na nusu ya mji huu, na wao walikuwepo kabla ya sisi wenye hela ya viwanja. Nasema mujue kama mnaweza kuishi nayo, kwa sababu mwalo hautahama. Na msinunue kwa mawazo kwamba mtauhamisha. Nimeshaona fensi imewekwa kwenye njia ya watu kwenda kuchota maji, ikawa ugomvi wa kila wiki, nyumba nzuri mwenyewe halali kwa amani. Kama kwenye kiwanja mnachopenda kuna njia imekanyagwa na miguu kwenda majini, iacheni iwe njia, muikate kwenye mchoro wenu toka mwanzo.

Wenye watoto wadogo nisikilizeni hapa kwa makini. Kichocho kipo. Minyoo yake inatoka kwenye konokono wadogo wanaokaa pembezoni penye majani na maji yaliyotulia, inapenya kwenye ngozi tu, mtoto akisimama majini kuchezea mtumbwi inatosha. Ukihamia ziwani mtoto ataingia majini, usijidanganye utamfungia, kwaiyo muwe mnawapima na kuwapa dawa, na muulize shule ya jirani kama wanagawa. Ukanda huu wa ziwa ndo kati ya sehemu zenye kichocho kingi nchini. Na ulizeni kuhusu mamba na viboko kwa wenyeji, siyo kwa muuzaji. Vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda angani kama moshi haviumi, mkizima taa za nje na kuweka wavu wa madirisha mnaishi navyo.

Alafu maji ya bomba, jambo linaloshangaza wageni, unaweza kukaa mita mia mbili kutoka ziwa kubwa kuliko yote Afrika na ukanunua maji ya boza. Chanzo cha Butimba kimeongeza lita milioni 48 kwa siku juu ya kile cha Capri Point, ni hatua kubwa na upande huu wa Nyegezi na Luchelele uko karibu nacho, lakini kuwa karibu na mtambo siyo kuwa na bomba. Ulizeni majirani watatu tofauti, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, presha inapanda mpaka mwinuko ule au inaishia barabarani, na wawaonyeshe bili zao. Nguzo ya umeme iko umbali gani. Bodaboda wakati wa masika wanafika mlangoni au wanawashusha kwenye korongo.

Haya, hela. Nitoe mfano wa namba za kuelewana tu, siyo bei ya soko. Tuseme kiwanja cha kutazama ziwa na nyumba ya vyumba vitatu vimekula milioni 60. Mpangaji analipa laki mbili na nusu kwa mwezi, mwaka mzima bila kukaa wazi hata siku ni milioni 3, yani asilimia 5, hapo hujapaka rangi, hujarekebisha koki, hujalipa kodi ya pango la ardhi, wala ile ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ya umeme. Hatifungani za serikali za muda mrefu, yani unaikopesha serikali inakulipa riba, miaka ya karibuni zimelipa zaidi ya asilimia 10 na hazina koki ya kuvuja. Sasa chukueni milioni 45 mjenge vyumba nane vya singo kule Malimbe, umbali wa kutembea kutoka chuo cha SAUT, kila kimoja elfu sitini, ni laki nne na themanini kwa mwezi. Wanafunzi wanaondoka likizo, hesabuni miezi tisa tu, ni milioni nne na laki tatu na kitu, karibu asilimia 10. Ziwa huko huenda hata hulioni, na mwanafunzi haulizi ziwa, anauliza maji yapo, usalama upo, umeme ni mita ya kwake au ya kushea.

Mtasema kiwanja kinapanda bei. Kinapanda, ila kinapanda pale ambapo kuna sababu. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, limemuondolea mtu wa Geita na Sengerema foleni ya kivuko, na huyo mtu anaingia mjini kupitia Usagara na Buhongwa. Haingii Luchelele. Kwaiyo dalali akiwaambia bei ya Luchelele imepanda kwa sababu ya daraja mwombeni awaonyeshe njia yenyewe. Igombe nayo anawaambia uwanja wa ndege uko jirani, sawa, lakini jirani na uwanja kuna swali la mpaka wa uwanja na njia ya ndege, kajibiwe hilo kwa maandishi kwanza. Na kuuza kiwanja cha ziwani siyo kazi ya wiki moja, wanunuzi wa hela kubwa ni wachache, ukipata mgonjwa ukataka hela ya hospitali ya Bugando kesho, kile cha barabarani Buhongwa kinatoka haraka kuliko chako chenye upepo mzuri.

Baada ya hapo mama mmoja akauliza, kwaiyo tufanye nini, tugawe hela? Nilimjibu hivi na nalirudia: kama hela ni ya kikundi na kuna humo ada za watoto, ya kikundi iende kwenye vyumba vya kupangisha Malimbe au kwenye fremu za maduka barabarani Mkolani, iwalipe kila mwezi. Mwanakikundi anayetaka kuzeekea ziwani anunue mwenyewe kwa hela yake, safu ya pili Luchelele, juu ya ile alama ya maji, akijua ananunua pa kupumzika na hategemei kupangisha. Kaka mmoja akauliza na Igombe je, nikamwambia Igombe ni pazuri kuishi kwa mtu ambaye haendi mjini kila siku, mwenye kazi mjini ahesabu nauli ya mwaka mzima na muda wa barabarani alafu ajumlishe kwenye bei.

Katibu anaandikisha majina ya watakaokwenda Luchelele. Tunakwenda wakati wa giza, tunaondoka hapa Mkolani saa kumi alfajiri ili tukute mitumbwi inaingia, tukimaliza mwalo tunapanda juu kuchimba mashimo mawili ya majaribio kama mwenye shamba akikubali, na saa nne tunakuwa halmashauri kuomba mchoro. Vaeni viatu vya kufunika, mje na tepu ya mita 50, na asibebe mtu hela ya kuweka advansi.